Rangi za Ndege Uani Kwetu

Wageni husafiri masafa marefu kuja Gede kutazama magofu ya mji wa kale. Wengine huendelea hadi msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, kumtafuta kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani ila Kilifi. Sisi tunaoishi baina ya msitu huo na hori ya Mida tumejaaliwa neema nyingine: ndege wadogo wa rangi huja wenyewe hadi uani.

Kunapopambazuka, wa kwanza kufika ni chozi. Urefu wake haufiki shibiri, na mdomo wake uliopinda huuchovya katika maua ya mkomamanga. Kivulini huonekana mweusi. Akigeukia jua, kifua hung'aa kijani na zambarau. Mng'ao huo hutokana na namna unyoya unavyorudisha mwanga, ndiyo maana mpiga picha hulipa jua mgongo, na hufanya kazi yake kabla ya saa tatu asubuhi, jua halijawa kali.

Minazini wamo mnana wa manjano. Dume huchana ukuti nyuzi nyuzi akafuma kiota, kisha jike huja kukikagua. Asiporidhika, huenda zake. Na msimu wa kaskazi, keremkerem wekundu kutoka kaskazini hulala kwenye mikoko ya Mida. Chakula chao ni nyuki, ambao huwasugua tawini mpaka mwiba utoke ndipo wawameze.

Kamera kubwa si sharti. Beseni la maji chini ya mti, simu iliyoegemezwa dirishani, na saburi, vyatosha kuanzia. Mwenye kamera ya kuteua kasi na achague sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwani bawa la chozi halingoji.

Lakini kazi hii ina adabu zake. Mwaka jana chozi alitundika kiota katika mwasumini wa barazani, amekifunga kwa nyasi na utando wa buibui. Watoto walitamani picha ya makinda, na majani mawili tu ndiyo yaliyoziba. Tukawakataza kuyagusa. Majani hayo ndiyo stara ya makinda mbele ya kunguru waliojaa pwani yetu. Na mama akiona mtu amesimama karibu kwa muda mrefu, huogopa kurudi na chakula. Tukawakumbusha watoto kisa kilichopokewa cha Mtume (S.A.W.), alipomwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake safarini, akaamuru arudishiwe.

Tulisubiri siku sita nyuma ya pazia. Picha tuliyoipata ni ya mama akifika na buibui mdomoni. Makinda hayaonekani, ila midomo miwili iliyo wazi. Wiki iliyofuata yakaruka yote mawili, na majani yangali pale pale.

Enyi kina mama mnaopanga kupanua nyumba au kujenga ukuta, utazameni kwanza mti ulio uani, asubuhi moja au mbili, mjue ni nani aishiye humo. Huenda ukuta ukaweza kusogezwa hatua chache. Kiota chenye makinda hakisogezwi.