Israfu ya Umeme Katika Vifaa Vilivyozimwa kwa Rimoti



Tunapofundisha juu ya israfu, watoto hutaja haraka chakula kinachomwagwa na maji yanayochuruzika wakati wa kutawadha. Ni sawa, kwani aya ya 31 ya Surat al-A'raf inakataza israfu katika kula na kunywa. Lakini ipo israfu nyingine majumbani mwetu, isiyo na sauti wala harufu. Nayo ni umeme unaoliwa na vifaa tunavyodhani tumevizima.

Mzazi mmoja alituuliza, "Ustadhi, usiku nazima kila kitu, mbona asubuhi uniti zimepungua?" Tulimjibu kuwa luninga iliyozimwa kwa rimoti haijazimika yote. Sehemu yake hubaki macho ikingoja amri, ndiyo maana kataa kekundu kanawaka. Sabufa nayo ni hivyo hivyo. Ama king'amuzi, ambacho kilienea nchini baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, baadhi yake huvuta wati 10 au zaidi hata kikiwa "kimelala".

Wanafunzi wa darasa la juu tuliwapa kazi ya kupima, nanyi mnaweza kuifanya. Zimeni taa zote, chomoeni friji kwa muda mfupi, na luninga na wenzake muwazime kwa rimoti tu. Kisha tazameni taa ya mita ya LUKU inayopepesa. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, hesabuni sekunde kati ya mpepeso mmoja na wa pili, halafu gawanyeni 3,600 kwa idadi hiyo. Zikiwa sekunde 180, jibu ni wati 20. Mita yenyewe msiiguse wala kuifungua.

Wati 20 zaonekana kidogo. Lakini kwa saa 18 ambazo hakuna anayetazama wala kusikiliza, kwa siku 30, zinafika uniti 10.8. Hapo ndipo penye jambo. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa nyumbani wa kundi la D1, asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, hulipa sh. 122 kwa uniti pamoja na kodi na makato. Wa kundi la T1 hulipa takriban sh. 356. Nyumba inayotumia uniti 80 ikihamishiwa T1 italipa sh. 28,480 kwa mwezi. Nyumba hiyo hiyo ikiondoa zile uniti 10.8 itabaki D1 na kulipa kama sh. 8,440. Tofauti ni sh. 20,000! Hapa Buzwagi, ambapo mgodi ulifungwa mwaka 2021, nani hajui fedha hiyo inanunua nini?

Dawa yake ni kuvikusanya vifaa kwa makundi. Luninga, king'amuzi, sabufa na deki hufanya kazi pamoja, basi vichomekwe kwenye ekstensheni moja na kuzimwa kwa swichi moja. Wenye uwezo wanaweza kuweka soketi janja, ambayo huamriwa kwa simu au hupangiwa saa, kwa mfano izime saa 4 usiku na kuwasha saa 12 jioni. Hiyo humfaa mwenye kusahau, au ambaye soketi yake iko nyuma ya kabati. Lakini nayo huvuta umeme kidogo ikisubiri amri, mara nyingi chini ya wati 1. Kwa hiyo kuifunga kwenye chaja moja ya simu hakuna faida. Ifungwe kwenye kundi zima. Swichi ya kawaida ya ekstensheni haivuti kitu, na kwa nyumba nyingi inatosha.

Yapo ya kuzingatia. Kwanza, friji isiingizwe kwenye kundi. Pili, soketi janja inayotegemea waifai haitasikia simu kama modemu nayo imezimwa, hivyo modemu ikae peke yake. Tatu, pasi, jiko na hita visichomekwe humo, kwani huzidi uwezo wa ekstensheni nyingi. Nne, ipangwe ibaki imezima umeme unaporudi baada ya kukatika, maana wakati huo umeme huweza kuja na nguvu ya kuunguza vifaa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, kwa kuhofia panya asije akaburuta utambi na kuunguza nyumba. Leo utambi umekuwa waya, na hatari ya moto ingalipo.

Basi wanafunzi wetu, kila nyumba iwe na mmoja wenu mwenye zamu ya kuzima swichi baada ya Isha. Andikeni uniti zilizosalia leo na baada ya siku 30, mje na daftari tulisome pamoja darasani.

Wabillaahi tawfiiq.