Dubu wa Maji na Ukoo Wake

Hapa kwetu Kasongo na kule Kabambare kila kidogo kitambaacho huitwa mdudu: siafu, jongoo, kupe, hata funza. Neno moja latosha, wala hatugombani. Wataalamu wa viumbe lakini hugombana sana, na ugomvi wao juu ya mnyama mmoja umetufikirisha.

Huitwa dubu wa maji. (Dubu mwenyewe kwetu yuko katika vitabu tu.) Hukaa katika yale majani mororo yaotayo kama zulia juu ya matofali ya kale, upande usiopigwa na jua. Tuliyaloweka usiku kucha, asubuhi tukayakamua, tukayatazama maji kwa darubini ya shule, vijana wa katekisimu wakisukumana nyuma yetu. Alikuwapo: mnene, miguu minane, kila mguu una kucha, akienda kama mzee aliyeshiba. Urefu wake hata milimita moja haufiki.

Mchungaji Goeze wa Ujerumani aliandika habari zake mwaka 1773. Padri Lazzaro Spallanzani wa Italia akamwita mwenda polepole mwaka 1776. Majani yakikauka, naye hukauka, hujikunja kama pipa dogo. Akipata maji huamka. Mwaka 2007 wengine walirushwa juu ya anga pasipo hewa, na baadhi yao wakarudi hai.

Basi awekwe wapi? Miguu minane ni ya kupe, na wa zamani walimhesabu pamoja na utitiri. Lakini miguu yake haina viungo. Leo amepewa faila yake mwenyewe, Tadigrada, jirani na ile ya siafu na jongoo, ambao hujivua ngozi kama yeye.

Litugusalo zaidi ni jambo la Gilbert Rahm, mmonaki Mbenedikto. Mwaka 1937 aliandika kwamba amempata dubu wa maji wa namna ya pekee katika chemchemi za moto za Unzen, Japani, akamfungulia kundi jipya. Vielelezo vyake vikapotea. Waliotafuta tena hawakumpata, na mwaka 2017 wataalamu wakasema jina lile ni la mashaka.

Mwenzetu mmoja alikasirika: mbona mmonaki hasadikiwi? Kwetu hufika watu waliokimbia vita, kijiji kimehamwa, kitabu cha ubatizo kimeungua. Mtu asema, “Nalibatizwa pale.” Kanuni ya 876 ya Sheria ya Kanisa yakubali shahidi mmoja asiye na upendeleo, au kiapo chake mwenyewe kama alibatizwa mtu mzima. Tukamwandika.

Ndiyo, lakini mtu yule amesimama mbele yetu. Mnyama wa Rahm hayupo, na sayansi haipokei kiapo. Twaona wametenda haki: jina la mashaka si jina la uongo. Limebaki katika daftari, na atakayemwona tena mnyama yule katika maji ya moto atajua pa kumrudisha.