Mlango, si Kitundu

Hapa Lubumbashi tunasema «ekografi», na wengi hudhani ni jina la mashine tu. Ukilichambua neno hilo, sehemu yake ya kwanza ni mwangwi. Mashine hutuma sauti ya juu kupita mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio letu halisikii, kisha hupokea mwangwi wake na kuugeuza kuwa picha. Watafiti wa fonetiki huitumia pia kutazama ulimi unavyosogea. Inge Edler na Hellmuth Hertz waliielekeza kwenye moyo mjini Lund, Uswidi, mwaka 1953.

Mwaka jana yaya wangu alizaa kwenye wiki ya 29. Mtoto akawekwa katika kuvezi. Kila siku alipumua kwa shida zaidi. Kwa macho tu, hali hiyo inaweza kuwa na sababu nyingi, na tiba ya sababu moja hudhuru penye nyingine. Mtoto ambaye mapafu yake yanapokea damu kupita kiasi, ukimwongezea maji, unamzidishia taabu.

Daktari alileta ekografi kando ya kuvezi. Picha ilionyesha kwamba mshipa unaounganisha ateri ya mapafu na aorta ungali wazi. Tumboni mshipa huo ni wa lazima, kwa sababu mtoto hapumui kwa mapafu. Akishazaliwa, kwa kawaida hujifunga katika siku chache. Kwa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, mara nyingi huchelewa. Daktari akapunguza maji, akaanza dawa ya kuufunga.

Alieleza hayo kwa Kifaransa. Muuguzi akafupisha kwa Kiswahili: moyo uko na kitundu. Yaya akanigeukia: «Kitundu? Nani aliitoboa?»

Swali lake lilifuata sarufi barabara. Tundu hutobolewa, na kitenzi hicho kinadai mtenda. Jioni ile ile jamaa walikwisha kuanza kumtafuta mtenda huyo, na macho yaliangukia mama mkwe. Nikamwambia: «Yaya, ni mulango. Ulipaswa kujifunga, umechelewa.» Akanyamaza, kisha akauliza dawa inachukua siku ngapi.

Neno mlango linafaa hata mahali ambapo kitundu kinapotosha kabisa. Wako watoto wanaozaliwa na kasoro nyingine za moyo, ambao uhai wao hutegemea mshipa huo huo ubaki wazi. Hao hupewa prostaglandini ili usifunge. Mama gani ataelewa akiambiwa tunalinda kitundu?

Mtoto wetu alitoka hospitali, na sasa anatambaa. Sisi wa kitivo hiki hupenda kuunda istilahi za sheria na utawala. Wadi ya watoto wachanga nayo inazihitaji, na huko neno hupimwa kwa swali linalolizaa. «Mlango umefungwa?» ni swali ambalo ekografi ya kesho inaweza kulijibu. «Nani aliitoboa?» hakuna mashine ya kulijibu, na familia huvunjika ikilitafutia jibu.