Fimbo ya Pazia

Sebuleni kwa Hawe, hapa Chaani, kuna dirisha linalotazama njia ya kuteremka kwenye mikoko. Hawe ndiye bibi, kwa sisi watu wa Rabai. Pazia la dirisha hilo limebadilishwa mara nyingi: la maua, la kijani, lile la Krismasi ambalo lilikaa mpaka Juni. Fimbo inayolishika haijawahi kubadilishwa. Ni chuma chembamba, karibu mita moja, ncha moja imetanuka kidogo kama kichwa cha msumari.

Nimekua nikikiona kile chuma bila kukitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili siku niliyouliza mbona upande mmoja ni mnene. Hawe alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua macho.

"Huo ni mdeki wa bunduki ya babu yako."

Kwanza, sikujua mdeki ni nini. Pili, sikujua babu alikuwa na bunduki. Babu ninayemjua mimi ni mzee wa bandarini aliyestaafu, aliyeogopa hata paka wa jirani. Nikatoa simu nikaanza kutafuta, na kusema kweli sijaacha hadi leo.

Mdeki ni fimbo ya kushindilia baruti. Bunduki yenyewe ni gobori, ile inayojazwa kupitia mdomoni. Unamimina baruti, unatia kitambaa, unatia risasi au marisawa, unashindilia kwa mdeki, halafu unaweka baruti kidogo pembeni pa mtutu ili ishike moto. Ukikosa, nguruwe ana muda wa kutosha kwenda zake kabla hujajaza tena. Nikagundua Kiswahili kilikuwa kimezipanga bunduki hizi kabla yangu, kwa namna zinavyowashwa. Ya mrao huwashwa kwa utambi. Gumegume hutoa cheche kwa jiwe. Ya fataki hupigwa kwa kikofia kidogo cha shaba. Ndiyo maana mtu asiyefaa kitu naye huitwa gumegume: silaha iliyopitwa na wakati, kelele nyingi, kazi kidogo.

Hivyo nikawa mkusanyaji wa bunduki nisiye na hata moja.

Wenye nazo nawaona usiku kwenye YouTube. Ni wazee wa Uingereza na Marekani, wamevaa vizibo vya masikio, wanapakua kutoka kwenye masanduku ya mbao bunduki za zaidi ya miaka mia na hamsini zenye midomo ya kutisha. Ukubwa wa mdomo wanaupima kwa geji, na hesabu yake ni ya kinyume. Chukua ratili moja ya risasi, gramu 453 na ushei, uigawe iwe magololi yanayolingana. Ukipata kumi na mawili, bunduki ambayo gololi moja linaenea mdomoni mwake ni geji 12. Ukipata manne tu, ni geji 4. Namba ikishuka, mdomo unapanuka. Geji 12 ni milimita 18.5. Geji 4 ni karibu milimita 27, na gololi lake lina zaidi ya gramu mia moja. Sheria za Marekani haziruhusu kuwinda ndege wanaohama kwa bunduki inayozidi geji 10, kwa hiyo wale wazee hupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Bunduki inalia, moshi unatanda uwanja mzima, mzee anarudi hatua mbili nyuma akicheka kama mtoto.

Bunduki hizo kubwa zina historia huku kwetu. Samuel Baker alipokuwa akitafuta chanzo cha Nile katika miaka ya 1860, alibeba moja iliyorusha kombora la nusu ratili. Yeye aliiita Baby. Watu wake waliokuwa wakizungumza Kiarabu waliiita mtoto wa mzinga, na kila alipoipiga ilimzungusha kama pia. Frederick Selous alianza kuwinda ndovu kusini mwa Afrika miaka ya 1870 kwa magobori ya geji 4, na baadaye akalalamika kwamba mateke yake yalimharibu neva. Kaburi lake liko Beho Beho, Tanzania, alikouawa na risasi ya Mjerumani Januari 1917.

Lakini gobori la babu halikuwa la ndovu. Hawe anasema lilikuwa la baba yake babu, la kufukuza nyani na nguruwe kwenye mahindi. Lilivyofika Rabai hakuna anayejua. Ninachojua ni kwa nini lilikuwa gobori na si kitu cha kisasa. Mwaka 1890 wakubwa wa dunia walitia saini Mkataba wa Brussels, na ndani yake wakazuia bunduki bora zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoachiwa mlango, chini ya uangalizi, ni gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Yaani Ulaya ilikuwa tayari inatumia bunduki za viasi, na sisi tukaruhusiwa teknolojia ya babu zao. Kile ambacho yule mzee wa YouTube anakiita adimu, huku kilikuwa ndicho kilichobaki.

Nilimuuliza Hawe bunduki iko wapi. Alimaliza mchicha wote kwanza.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni. Askari waliuawa, bunduki zikachukuliwa, na wiki zilizofuata watu wa bara waliuawa na kufukuzwa makwao. Maelfu walikimbia. Chaani iko ng'ambo nyingine ya maji, lakini hapa tunaishi wamchanganyiko: Mluhya mlango huu, Mkamba ule, sisi hapa kati. Kila mtu alikuwa akimwangalia jirani yake upya. Redio ilizungumza juu ya silaha na misako. Na nyumbani kwa mzee mmoja wa Rabai, nyuma ya kabati, kulikuwa na bunduki isiyo na leseni.

"Ilikuwa inapiga?" nikauliza.

"Ipige wapi? Ilikuwa na kutu, panya walikuwa wamezaa ndani ya kitambaa chake. Mimi sikuogopa bunduki, mjukuu wangu. Niliogopa kuulizwa. Utamwambia nani ni ya nyani? Nani atakaa akusikilize?"

Mama Mluhya wa mlango wa pili alikuwa na watoto watatu, na jioni alikuwa akiwaleta walale kwa Hawe kwa sababu alihofia kwake. Walilala sebuleni, mita mbili kutoka kwa ile bunduki. Hawe alisema hilo ndilo lililomshinda. Yule mama akiiona, asingeona gobori. Angeona bunduki kwa Mmijikenda, mwezi Agosti.

Babu akaifunga kwa leso, akasubiri maji yajae, akashuka nayo kwenye mikoko. Alirudi na leso imelowa. Mdeki ulikuwa umechomolewa zamani na kushika pazia, na katika ile haraka hakuna aliyeukumbuka. Babu hakuwahi kuitaja tena. Mimi nilizaliwa baadaye, na alifariki kabla sijajua cha kumuuliza.

Nilibaki na swali moja la kijinga, la mkusanyaji. Ilikuwa geji gani? Mdeki hausemi, maana fimbo huwa nyembamba kuliko mtutu. Nikamuuliza Hawe kama anakumbuka ukubwa wa mdomo. Akafikiri.

"Babu yako alikuwa akitia kidole gumba akikisafisha. Kilikuwa kinaingia taabu taabu." Halafu akashika mkono wangu, akaugeuzageuza. "Na wewe umechukua vidole vyake. Hivi hivi."

Kesho yake nilipita kwa fundi wa kuchomelea huko Magongo, mtu tuliyesoma naye. Nikamwomba kalipa, kile kipimo chenye taya mbili. Akanibana kidole gumba akicheka. Milimita ishirini na moja. Geji 8 ni milimita 21.2.

Najua huo si ushahidi. Hakuna mnada utakaopokea kidole changu. Lakini nilitembea kutoka Magongo hadi Chaani nimekikunja ndani ya ngumi.

Jioni nikamwambia Hawe nataka ule mdeki, niuweke kwangu, niupake mafuta usiendelee kuliwa na kutu. Alinitazama kama niliyeomba paa la nyumba.

"Na pazia litashikwa na nini?"