Maji ya Madeira na Kisima cha Msikiti

Waislamu tumehimizwa kutembea katika ardhi na kuzingatia. Kwa nia hiyo, na kwa mwaliko wa dada yetu anayeishi Lisbon, tulisafiri pamoja na mama yetu na watoto wawili hadi Madeira, kisiwa cha Ureno kilicho katika bahari ya Atlantiki, jirani zaidi na pwani ya Moroko kuliko Ureno yenyewe. Mioyoni tuliondoka na jambo moja zito: mvutano wa kamati yetu kuhusu kisima cha msikiti.

Ndege hutua kwenye njia ambayo sehemu yake imesimama juu ya nguzo kando ya bahari. Mji wa Funchal umepanda vilima, nyumba zake nyeupe zikiwa na mapaa mekundu. Chakula kilitutia wasiwasi, kwani nyama ya nguruwe na ulevi havikosekani huko. Lugha ikatuokoa. Wao husema “mesa”, nasi meza. “Bandeira”, nasi bendera. Na “vinho” ndiyo mvinyo wetu. Mama, asiyejua Kireno, alimwambia mpishi “Mvinyo hapana,” akapunga mkono, na akaeleweka. Aliletewa espada, samaki mweusi wa kina kirefu, aliyekaangwa na kupambwa kwa ndizi.

Lakini fahari ya kisiwa hiki ni maji. Upande wa kaskazini mawingu hugota milimani, na msitu wa kale, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, hunasa ukungu ukadondoka matone. Kusini, kwenye watu wengi na mashamba ya ndizi, mvua ni haba. Kwa hiyo ilichongwa milima, ikajengwa mifereji membamba iitwayo levada, ambayo kwa jumla hupita kilomita 2,000. Msimamizi wa maji humfungulia kila mkulima kwa saa zake, hata usiku wa manane, kisha humfungulia mwenzake.

Tulifuata mfereji uendao Caldeirão Verde, kilomita sita na nusu kwenda tu. Upande mmoja ni mwamba wenye majani mabichi, upande mwingine ni bonde lisiloonekana mwisho. Tulipita mapango ya giza kwa kurunzi, watoto wakishika vazi la bibi yao. Wakati wa Adhuhuri ulipoingia tulichota maji kwa viganja, tukatawadha, tukaswali kwa zamu mahali njia ilipopanuka kidogo.

“Ni nani waliochimba haya?” mama akauliza.

Tulimweleza tuliyosoma. Wareno walipofika mwaka 1419 kisiwa hakikuwa na watu. Mfereji ule wetu ni wa karne za baadaye, lakini ile ya mwanzo, iliyonywesha miwa, ilichimbwa pia kwa mikono ya watumwa: watu wa visiwa vya Kanari, Waafrika, na mateka wa Afrika Kaskazini.

Mama alinyamaza kitambo. “Basi si sisi wa kwanza kutia udhu kisiwani hapa,” akasema, akainua mikono kuwaombea.

Hatukuweza kumtazama. Mwaka mzima kamati ilikuwa ikijadili kukitia kisima kufuli, ili majirani wasioswali kwetu wachote kwa kulipia. Hoja ya gharama za umeme wa pampu ilikuwa ya kweli. Nasi, tulioandika mihtasari ya vikao vile, tuliunga mkono kufuli.

Tuliporejea tulimwendea mzee mmoja wa mtaa kumuuliza kisima kilichimbwa na nani. Alisema ni vibarua waliokuja msimu mmoja, wakalipwa chakula na senti chache. Wengine hawakuwa Waislamu. Majina yao hayamo katika daftari lolote tulilokabidhiwa.

Tumeandika pendekezo jipya: zamu za saa kwa majirani na waumini, na gharama za pampu zigawanywe kwa kadiri ya uwezo wa kila nyumba. Wapo wajumbe waliokwisha kutukasirikia kwa kugeuka. Kikao ni Ijumaa baada ya Alasiri, na mama ameahidi kuja kukaa upande wa wanawake, asikie wenyewe tutakavyosema.