Kipande cha Reli

Ada ya mdogo wangu nailipa mimi, kwa hiyo muhula uliopita ulipoanza nilijipa haki ya kuuliza anasoma nini. Akanitumia orodha kwenye simu: ufuaji wa metali, michoro ya haraka, upigaji picha wa majaribio. Hilo la tatu likanifanya nimpigie.

"Majaribio ya nini? Picha si unabonyeza tu?"

Akacheka. "Utaona, Dada."

Mimi ni mwandishi wa habari. Picha kwangu ni kitu kinachotakiwa kumfikia mhariri kabla ya saa kumi jioni: mheshimiwa ameshika mkasi, utepe unaonekana, basi. Nikiambiwa wanachuo wamemaliza wiki nzima wakigeuza makopo ya maziwa ya unga kuwa kamera, akili yangu inakimbilia kwenye risiti ya benki.

Baba yetu alikuwa fundi bati pale Gerezani, Dar es Salaam. Majiko ya mkaa, masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai. Miaka yote alituimbia wimbo mmoja: someni, msije mkashika nyundo. Nilimtii. Alipofariki, wenzake walituletea zana zake ndani ya gunia, likakaa chini ya kitanda cha mama na hakuna aliyelifungua. Sasa huyu kitinda mimba, aliyesomeshwa ili asishike nyundo, akaja Mbagala siku ya Jumamosi, akalivuta lile gunia mpaka sebuleni na kuanza kupanga nyundo kwa ukubwa. Mama alikuwa mlangoni. Hakusema kitu.

"Dada, ile reli ya Baba iko wapi?"

Baba hakuwa na fuawe la kununua. Alikuwa na kipande cha reli, urefu wa mkono kutoka kiwiko, mgongo wake umeng'aa kwa kugongewa mabati miaka ishirini na kitu. (Usiniulize kilitoka wapi. Gerezani vitu vinapatikana.)

"Labda kilibaki kazini," nikajibu.

Hakikubaki kazini. Nilikiuza. Ilikuwa miezi mitatu baada ya msiba, mshahara haujatoka, umeme umekata, na yule kijana wa vyuma chakavu akapita na mkokoteni wake. Alikitundika kwenye mizani: kilo 17. Nililipwa pesa ambayo haikufika wiki. Mama alikuwa kliniki, mdogo wangu shule. Nilijiambia ni chuma tu.

Basi muhula ukaendelea. Shaba ya bati ni ghali, kwa hiyo walinunua mabomba ya viyoyozi vibovu, wakayapasua kwa urefu na kuyanyoosha. Alinieleza kwamba shaba ukiigonga inakakamaa, ukikazana inapasuka. Lazima uirudishe motoni mpaka iwe nyekundu, uitumbukize majini, ndipo inakuwa laini upya. Patasi ukiifanyia hivyohivyo inakuwa ngumu. Nilimuuliza ni mwalimu gani kamfundisha hilo. "Mwalimu alisema," akajibu, "lakini Baba alisema kwanza. Wewe ulikuwa unasoma gazeti." Kweli, nilikuwa nasoma gazeti.

Alitoka na kibakuli kisichozidi kiganja, kimepinda upande mmoja. Mama anawekea pini humo.

Michoro nitaipitia haraka maana yeye mwenyewe aliichukia. Kila siku michoro kumi, mingine ya dakika moja, mingine bila kuangalia karatasi. Alichora wauza samaki wa Feri, alichora ndani ya daladala, na kwenye hiyo ya daladala unaweza kuhesabu mashimo ya barabara kwa jinsi mstari ulivyoruka. Nilimwambia ni mibaya. Akasema ndiyo, na ya mwezi wa pili ilikuwa mibaya kidogo.

Halafu ile kamera. Kopo limepakwa rangi nyeusi kwa ndani, mbele kuna tundu la ncha ya sindano kwenye kipande cha kopo la soda, nyuma karatasi ya picha. Lenzi hakuna. Mwanga ni mdogo mno, kwa hiyo huwezi kubonyeza, unafungua tundu na kusubiri. Alikwenda nayo Gerezani, akaiweka juu ya tofali mbele ya mafundi waliofanya kazi na Baba, chini ya kibanda chao, akaacha tundu wazi dakika nne.

Picha hiyo aliileta nyumbani. Niliitazama nikidhani imeharibika. Kibanda kipo, mabati yaliyoegemea ukuta yapo, dumu la maji lipo. Watu hawapo. Mahali alipokaa fundi pana kitu kama moshi, na mikono yake haionekani kabisa, kwa sababu kinachotembea hakikai kwenye karatasi muda wa kutosha kuacha alama. Katikati ya moshi, kimetulia, kila kona inaonekana, kipo kipande cha reli.

Nimepiga picha maelfu kazini. Sina hata moja ya Baba akigonga bati. Na hata ningekuwa na ya namna ile, yeye asingeonekana. Kingeonekana kile nilichokiuza.

"Sicho cha Baba hicho," mdogo wangu akasema, akidhani naangalia hivyo. "Ni cha Mzee mwingine. Cha Baba kilikuwa na pengo huku." Akachukua daftari lake la michoro akakichora kwa kumbukumbu, na pengo lake, na sehemu iliyong'aa.

Nikamwambia. Mkokoteni, mizani, umeme, yote. Nilisema haraka, kama ninavyosoma taarifa ambayo sitaki kuulizwa swali. Mama alikuwa jikoni na najua alisikia, maana sufuria zilinyamaza.

Mdogo wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Kilikuwa kilo ngapi?"

"17."

Akaiandika pembeni ya mchoro.