Nani Aliyebeba Mashua?

Tabora ya miaka ya 70, mtoto aliyependa kusoma hakukosa vitabu vya wapelelezi. Maktaba ya shule yetu ilikuwa kabati moja la mbao, na humo Livingstone, Stanley, Burton na Speke walichukua nafasi kubwa kuliko Shaaban Robert. Vilikuwa vitabu vyembamba, vilivyofupishwa kwa ajili ya watoto. Nilivimaliza vyote. Niliruka kurasa ili nifike upesi kwenye mamba, mishale na homa, na yule Mzungu aliyechorwa mbele ya msafara nilimwona kuwa ndiye safari yenyewe.

Nyumbani nilikuwa na msimulizi mwingine. Babu mzaa mama alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, akapelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili. Kila likizo nilimbana kwa swali lile lile: "Babu, uliua Wajapani wangapi?" Hakunijibu hata mara moja. Alitoa kikopo chake cha ugoro, akanusa, kisha akaanza kunieleza habari za matope. Matope ya bonde la Kabaw, mvua isiyokatika, ruba miguuni. Nilichoka mapema nikaenda kucheza. Nilitaka bunduki, yeye ananipa matope!

Kilichonigeuza ni mashua. Nilikuwa nasoma Dar es Salaam, na maktaba ya chuo ilikuwa na kitabu kamili cha Stanley kilichochapwa 1878, kinachohusu safari yake ya kuikatiza Afrika kutoka Bagamoyo hadi mdomo wa mto Kongo. Humo nikasoma kwamba aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu wapatao 350, na kwamba juu ya nguo, ushanga na nyaya, msafara ulichukua mashua nzima, Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, imekatwa vipande ili ibebeke. Vipande hivyo vikatoka pwani, vikapita Ugogo, vikafika Ziwa Viktoria mwishoni mwa Februari 1875. Hiyo ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa njia ya miguu yenye upana wa mtu mmoja, miiba huku na huku.

Mimi ni Mnyamwezi. Kwetu upagazi ulikuwa kazi ya heshima. Kijana ambaye hajaenda pwani akarudi hakuhesabiwa kuwa mwanamume. Wazee walisema mzigo wa pagazi ni frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na mzigo wa nguo unaweza kuuhamisha kutoka bega hili hadi lile ukapumua kidogo. Kipande cha mashua hakikupi nafasi hiyo. Kina kona, kinanasa kwenye matawi, kinataka watu wenye mwendo mmoja, maana wa mbele akijikwaa, ubao unampiga wa nyuma. Stanley mwenyewe aliujua ugumu huo, kwa sababu anaandika kwamba wabeba mashua aliwalipa zaidi ya wenzao na kuwapa posho mara mbili. Nilirudia kurasa zile jioni nzima. Watu hawa walikuwa akina nani? Walilala wapi? Mabega yao yalipona lini? Msafara ulipofika Boma, Agosti 1877, waliobaki hawakuzidi sana 100, na Wazungu watatu waliofuatana na Stanley walikuwa wamekufa wote.

Tangu siku hiyo nikisoma kitabu cha safari huanzia mkiani mwa msafara. Nilimrudia Livingstone, nikakuta kwamba sehemu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote inaanza baada ya yeye kufa, tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, akachonga maandishi kwenye gome. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakauviringisha kwenye gome la mti na turubai, wakaanza kutembea. Kwetu Unyanyembe wakamkuta Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, akawashauri wauzike pale pale. Wakakataa. Mbele ya safari watu wa vijiji walizuia maiti isipite. Basi wakafunga mabua kwa umbo la maiti, wakatuma watu warudi nalo kama wanakwenda kuzika Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane robota la nguo. Ukafika Bagamoyo Februari 1874. Hakuna Mzungu aliyewaagiza hayo. Waliyaamua wenyewe, katika baraza lao, wakijua wanaweza kuuawa njiani.

Wawili kati yao, Chuma na Susi, walipelekwa Uingereza mwaka huo huo, wakamsaidia Horace Waller kutengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, kwa kumweleza yaliyotokea ambayo daftari halikuyasema. Majina yao yamo kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kile, wakiitwa watumishi waaminifu. Kwenye vitabu vyembamba vya kabati letu yalikuwa yameachwa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Furaha kubwa ilikuja nilipogundua kwamba wapo walioandika wenyewe, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyiko wa safari za Waswahili. Mmoja wao, Salim bin Abakari, alifuatana na tajiri wake Mjerumani mwaka 1896 kupitia Urusi mpaka Siberia, wakarudi kwa njia ya Samarkand na Bukhara. Hebu fikiria: mtu wa mwambao anawaeleza wenzake nchi ya theluji kwa lugha yao, wakati sisi tunafundishwa kwamba kutalii ni jambo la Wazungu. Tippu Tip, yule tajiri wa misafara wa Zanzibar, naye aliandika maisha yake kwa mkono wake, na ukiisoma habari ya Stanley upande wake unakuta malalamiko ya ahadi zisizotimizwa. Lakini simtetei. Msafara wake ulikuwa na mateka na watumwa, na katika kitabu chake hao ndio wasio na sauti.

Nikarudi Tabora na swali jipya. "Babu, kule Burma mlikuwa mnakula nini?" Akanitazama kwa muda, akavuta kigoda karibu. Alizungumza mpaka jogoo wa kwanza. Magunia yaliyodondoshwa na ndege, mengine yakipasuka juu ya miti. Vidonge vya malaria vilivyowageuza ngozi kuwa ya njano. Daraja la Kalewa juu ya mto Chindwin, Desemba 1944, refu kuliko lolote alilowahi kuliona. Halafu akaniambia habari ya rafiki yake waliyemchimbia kaburi kwenye mvua: kila wakitoa sepeto moja la tope, maji yanajaa tena. Walimzika ndani ya maji. Matope aliyokuwa akinieleza tangu nikiwa mdogo ndiyo hayo.

Sasa namwandika mjomba wangu. Mwishoni mwa 1978, jeshi letu lilipojiandaa kumtoa Idi Amin Kagera, malori mengi ya raia yalichukuliwa, naye akaenda na lake. Nakithamini kitabu cha Baldwin Mzirai, Kuzama kwa Idi Amin, kilichotoka 1980, kwa kuwa kiliwahi kutupa vita ile kwa Kiswahili. Ila madereva wanazeeka, na wengi hawajaulizwa. Jumapili baada ya Jumapili tunakaa na kinasa sauti mezani. Tumeshavuka Kyaka kwa daraja la muda, tumepita Mutukula na Masaka. Mara ya mwisho tuliishia Lukaya, Machi 1979, usiku, barabara ya kinamasi, lori limesheheni risasi na taa zimezimwa.

"Tutaendelea, mjomba," akaniambia, "ila andika kwanza jina la utingo wangu. Yeye ndiye aliyetembea mbele kwa miguu kunionyesha njia."

Akanitajia herufi moja moja, nami nikaandika.